Profesa aliyeacha fomu akakaa na wanakijiji: somo kutoka ng'ambo ya ziwa

BENDERA, Kalemie – Familia iliyokimbia vita huzoea maswali mapema. Kabla shitingi haijafungwa vizuri juu ya miti, mtu anafika na fishi mkononi, siku hizi na simu, anauliza: mko watu wangapi? Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi? Mnakula mara ngapi kwa siku? Maji mnachota wapi? Mnakosa nini zaidi: sufuria, blanketi, dawa, mbegu? Mama wa nyumba anajibu. Juma linalofuata anakuja mwingine, wa shirika lingine, na maswali yanaanza tena kwenye namba moja.

Maswali hayo si mabaya. Pasipo hesabu hakuna unga, hakuna sabuni. Lakini ukisoma fishi nzima toka juu mpaka chini, hutakuta mstari unaouliza: Mama, wewe unajua nini? Pengine mama huyo alizalisha wanawake wengi kijijini kwake. Pengine anajua kuchagua mti wa muhogo usio na ugonjwa, au alishika mfuko wa likelemba miaka kumi bila hata franka moja kupotea. Fishi inamwandika kwa vitu alivyopoteza njiani. Ujuzi aliokuja nao hauna pa kuandikwa.

Yuko profesa mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilibadilika kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Anaitwa Budd Hall, na jina lake linajulikana sana huko Kanada, kwenye Chuo Kikuu cha Victoria. Lakini jambo lililombadilisha halikutokea Kanada. Lilitokea Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Wakaaji wa Bendera na familia zilizokimbilia hapa wana sababu ya kulisikia.

Kwanza, kazi yake ni nini? Profesa wa elimu ya watu wazima, au ya kujifunza maisha yote kama wanavyosema leo, hashughulikii vijana tu wanaokaa darasani wakisubiri diplome. Anachunguza namna mvuvi, mjane, fundi wa matofali na mzee wa kanisa au wa msikiti wanavyoendelea kujifunza baada ya kutoka shule, au bila kuingia shule hata siku moja. Anatafuta pia njia ya kukiondoa chuo kikuu ndani ya ukuta wake kiwafikie watu hao. Waswahili walishasema elimu ni bahari. Kazi ya profesa wa namna hii ni kutafuta mitumbwi ya kutosha.

Hall alifika Dar es Salaam mwaka 1970, akiwa bado kijana. Alipewa kazi ya utafiti katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaifanya mpaka 1974. Alifika wakati wa shughuli nyingi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtoto anayeanza shule leo atalisaidia taifa baada ya miaka mingi, lakini baba na mama yake wanalima leo, wanalea leo, wanaamua leo. Nchi changa haiwezi kungoja watoto wakue. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima wapatao wawili kati ya watatu nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika.

Sehemu ya kazi ya Hall ilikuwa kujua watu wa vijijini wanataka kujifunza nini. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Yeye na wenzake walitunga orodha ya maswali, wakaenda vijijini, wakauliza, wakajaza majibu, wakarudi mjini kuhesabu. Ilikuwa kazi safi, yenye majedwali.

Katika maandishi yake ya baadaye ameeleza kilichomsumbua. Jioni, fomu zikishawekwa kando, watu waliketi kunywa na kuzungumza, naye akiwa kati yao. Hapo ndipo alipowasikia wakieleza kijiji chao: nani ana ardhi na nani hana, kwa nini mradi fulani ulikufa, nani anaogopwa, wanawake wanasema nini wakiwa peke yao. Maelezo hayo yalikuwa na kina ambacho fomu zake hazikuwa nacho hata kidogo. Watu walewale waliojibu asubuhi kwa neno moja moja walikuwa jioni wachunguzi wa maisha yao wenyewe. Akaona kwamba fomu ilichukua watu wenye akili nyingi ikawafanya waonekane wajinga.

Mtu mwingine angelisahau jambo hilo asubuhi yake. Yeye lilimkaa rohoni. Alianza kujiuliza: kama wanakijiji wanaweza kueleza shida yao vizuri kuliko mtafiti, kwa nini wasiwe ndio watafiti? Kwa nini wasichague swali, wasikusanye majibu, wasiyajadili, na mwishowe wasiamue la kufanya? Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Mama mmoja mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo Tanzania, akikaa na watu wa pwani na kujifunza pamoja nao. Na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 alipita Dar es Salaam mwalimu kutoka Brazil, Paulo Freire.

Habari ya Freire inawahusu waliokimbia makwao. Alikuwa amefundisha wakulima maskini wa Brazil kusoma, akianza na maneno ya maisha yao wenyewe. Wanajeshi walipopindua serikali mwaka 1964, walimfunga, kisha akakimbilia uhamishoni. Alikaa Bolivia kwa muda mfupi, akakaa Chile, Marekani na Uswisi, na hakurudi kukaa kwao mpaka mwaka 1980. Kitabu chake kinachosomwa zaidi duniani alikiandika akiwa mkimbizi. Alifundisha kwamba mtu mzima si chupa tupu ya kujazwa na mwalimu, kwa sababu mwanafunzi naye anafika na ujuzi wake. Hall na wenzake wa Dar es Salaam walimsikiliza kwa makini.

Kutoka katika mambo hayo lilizaliwa jina ambalo leo linatumika katika vyuo vingi duniani: utafiti shirikishi, yaani uchunguzi ambao wenye shida wanaufanya wao wenyewe wakishirikiana na mtafiti. Mwaka 1975 Hall alihariri toleo la jarida la Convergence lililolieneza wazo hilo katika nchi nyingi. Watu wengi wanaodhani lilitoka Ulaya hawajui kwamba lilipikwa kwa sehemu kubwa kwenye vijiji vya Waswahili.

Lakini kitu ambacho Bendera ingeweza kukichukua moja kwa moja ni kampeni ya radio. Tanzania ilikuwa imeshaijaribu njia hiyo. Mwaka 1969 na 1970 kulikuwa na "Kupanga ni Kuchagua", ya kueleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Mwaka 1971 ilifuata "Wakati wa Furaha", ya miaka kumi ya uhuru. Hizo zilikuwa ndogo. Mwaka 1973 ikaja kubwa, "Mtu ni Afya", na Hall alikuwa mmoja wa walioifuatilia kwa utafiti, akaiandikia kitabu baadaye.

Mpango wake ulikuwa hivi. Watu wa mtaa mmoja au kijiji kimoja walifanya kikundi kidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi ambaye kazi yake haikuwa kufundisha. Alifungua radio kwa saa iliyopangwa, na wote wakasikiliza. Radio ikizimwa, mtu anayejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti ukurasa wa kitabu kidogo cha wiki hiyo. Kisha yakaja mazungumzo: je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatoka wapi? Nani aliugua mwaka jana? Mwisho kikundi kiliamua jambo moja la kufanya kabla ya kukutana tena: kufukia madimbwi, kusafisha kisima, kuchimba choo. Mkutano uliofuata ulianza kwa swali moja tu: tulilosema tutafanya, tumefanya?

Kampeni ilidumu wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, kwa ngazi: wachache wa taifa wakafundisha wa mikoa, wa mikoa wakafundisha wa wilaya, wa wilaya wakashuka mpaka vijijini. Walitegemea kufikia watu milioni moja. Wakapata kama milioni mbili. Walizungumza juu ya malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho, magonjwa ambayo mtu wa Kalemie anayajua kwa majina yote. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hakuna aliyewapa simenti. Watu walichimba vyoo kwa majembe yao wenyewe kwa sababu uamuzi ulikuwa wao, umesemwa mbele ya majirani. Hilo ndilo Hall alilolitazama zaidi. Habari ya kwamba choo kinazuia ugonjwa watu wengi walikuwa wameisikia zamani. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa pamoja na kuigeuza iwe kazi.

Habari hii ina upande mwingine, na haifai kufichwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Tanzania ilikuwa ikikusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwanzoni iliwashawishi. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, mamilioni walihamishwa, na sehemu nyingine walilazimishwa, hata nyumba zikachomwa ili wenye nyumba wasirudi. Mkulima huyohuyo aliyeulizwa na radio "wewe unaonaje?" juu ya choo, hakuulizwa alionaje juu ya kuhama. Kusikilizwa kwa jambo dogo na kunyamazishwa kwa jambo kubwa hakufiki mbali.

Jingine ni hili. Kufikia mwaka 1986 Tanzania ilihesabu kwamba karibu watu tisa kati ya kumi walijua kusoma. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini uchumi ulipoanguka, magazeti ya vijijini yakakosa karatasi, madarasa ya watu wazima yakakosa walimu, na wengi waliojifunza wakaanza kusahau. Mtu aliyejifunza kusoma na hana cha kusoma ni kama mtu aliyejifunza kuogelea kisha akahamia jangwani. Ndiyo maana watu wa kazi ya Hall waliacha kusema tu "elimu ya watu wazima", kama vile ni dawa ya kunywa mara moja, wakaanza kusema "kujifunza maisha yote".

Baada ya Tanzania, Hall alifanya kazi Toronto. Kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima, chama kinachounganisha vyama vya nchi nyingi. Mkutano wake mkubwa wa kwanza wa dunia ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1976, na Nyerere alihutubia. Kisha Hall alifundisha Chuo Kikuu cha Toronto, na baada ya mwaka 2000 akawa mkuu wa kitivo cha elimu huko Victoria. Tangu 2012 aliongoza pamoja na Rajesh Tandon wa India kiti cha UNESCO kinachosukuma vyuo vikuu vifanye utafiti pamoja na watu wa kawaida.

Ukiangalia mambo anayoyapenda, yote yanarudi kwenye usiku ule wa kijijini. Amejishughulisha na ujuzi wa wenyeji wa asili wa Kanada, ambao kwa muda mrefu shule ziliutupa nje kama ushirikina. Amechunguza namna watu wanavyojifunza ndani ya vyama vyao, katika kudai ardhi au haki ya wanawake, bila darasa lolote. Pia anaandika mashairi, na huyasoma hata katikati ya mihadhara ya chuo. Wengine wanaweza kushangaa profesa kuacha takwimu akasoma shairi. Watu waliolelewa na hadithi za jioni na nyimbo za kilio hawatashangaa. Wanajua kwamba kuna mambo ambayo takwimu hazibebi.

Sasa turudi Bendera. Jina la hapa limeandikwa vitabuni kwa mambo mawili. Moja ni umeme wa mto Kiymbi, unaokwenda mpaka Kalemie mjini. Lingine ni vita vya mwaka 1965, wakati Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma, na waasi waliokuwa naye wakaishambulia Bendera mwezi wa sita, wakashindwa. Tangu hapo bunduki hazijanyamaza kwa muda mrefu. Kila kizazi hapa kimekimbia au kimepokea waliokimbia. Wengi walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, wakakaa miaka, wakarudi na Kiswahili cha Kigoma mdomoni. Ni miaka minane tu iliyotenganisha mwaka 1965, ziwa lilipopitisha silaha, na mwaka 1973, ng'ambo ileile ilipokuwa na vikundi vya radio vikijadili vyoo.

Kipindupindu kinaijua Kalemie na kando ya ziwa. Mvua zikianza, watu wakiwa wengi na vyoo vichache, kinarudi. Matangazo hayakosekani. Kila mtu anaweza kukariri: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo. Lakini maji ya kuchemsha yanataka kuni, na kwenda kutafuta kuni porini kunaweza kumgharimu mama usalama wake. Jambo kama hilo tangazo halilijui. Wanalijua wanawake wa mtaa, nao pia ndio wanaojua njia gani ni salama, saa gani, na nani anaweza kwenda pamoja na nani. Hakuna fishi inayowauliza.

Kikundi cha namna ya "Mtu ni Afya" hakihitaji mradi wenye magari. Kinahitaji poste moja ya radio na mawe yake, watu kumi au kumi na watano, mmoja anayejua kusoma, daftari moja, na saa moja baada ya shamba, kabla ya kupika bukari. Kinafaa kichanganye waliopokea na waliopokelewa, Watwa na Wabantu, kwa maana kipindupindu hakiulizi mtu ametoka kijiji gani. Na kinahitaji sheria moja ya Tanzania ile ya 1973: kikundi hakiachani bila kuamua jambo moja, na hakianzi tena bila kuulizana kama limefanyika.

Radio za jamii nazo zina sehemu yao. Kipindi kikishasomwa, kingeweza kuachwa wazi ili vikundi virudishe majibu, kwa simu au kwa karatasi iliyobebwa na mtu wa moto anayepita. Msikilizaji anayesikia swali la mtaa wake likisomwa hewani husikiliza kwa sikio lingine.

Chuo kikuu pia. Kalemie mjini kuna UNIKAL, Chuo Kikuu cha Kalemie. Mwanafunzi wa chuo chochote anayekuja na maswali ya kazi yake ya mwisho anaweza kuombwa mambo mawili bila ubaya wowote: aanze kwa kuuliza wakaaji ni swali gani wao wangependa lichunguzwe, na akimaliza arudi kusoma matokeo mbele ya walewale waliomjibu. Hall alitumia zaidi ya miaka hamsini kuwaeleza maprofesa wenzake jambo hilo. Mzee wa mtaa anaweza kumweleza mwanafunzi kwa dakika tano, chini ya mwembe.

Na fishi? Zitaendelea kuja, na familia zitaendelea kuzijibu, kwa sababu watoto lazima wale. Lakini mwenye kuandikisha akishafika mwisho, akauliza kama kuna la kuongeza, mama anaweza kumwambia: andika pia kwamba mimi ni mkunga. Andika kwamba mume wangu anajenga kwa matofali. Andika kwamba binti yangu alifika mwaka wa nne wa sekondari na anaweza kuwasomea wengine. Kama hakuna pa kuandika, aandike pembeni.